Kutambua Thaimu Mwitu Porini: Mwongozo Kamili, Kuanzia Ramani Hadi Harufu

Watu wengi wakikutana na thaimu porini huchuma jani, hulifikicha kwa vidole, hunusa, kisha hutaja jina. Mara nyingi jina hilo si sahihi. Jenasi ya Thymus ina takriban spishi 215 kwa hesabu inayotumika zaidi, na nyingi hunukia karibu sawa. Halafu ipo spishi moja ambayo mimea yake, hata ile iliyoota mlima mmoja, inaweza kutoa harufu sita tofauti. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na mahali ulipo, unakwenda kwenye shina, kisha jani na ua. Pua itasubiri zamu yake, na zamu yake ni ya mwisho.

Nimesema "takriban" kwa sababu wataalamu wenyewe hawajaafikiana. Wapo wanaoipa kila tofauti ndogo jina la spishi, ndiyo maana utakuta maandishi yanayotaja hadi 350, na wapo wanaounganisha. Kwa kazi ya porini mimi nashika 215. Ukifuata hesabu ya wagawanyaji utabishana na kitabu kabla hujauona mmea.

Vifaa ni vichache: kioo cha kukuzia cha mara 10, rula yenye milimita, penseli, daftari, magazeti ya kukandamizia sampuli na simu inayosoma eneo ulipo. Kioo ndicho usichoweza kukiacha nyumbani. Bila kioo, hatua ya nne haifanyiki, na hiyo ndiyo inayoamua mengi.

Hatua ya 1: Hakikisha kwanza ni thaimu

Thaimu ni kichaka kidogo cha kudumu, chenye shina gumu la mti chini na matawi laini juu. Iko kwenye familia ya mnanaa, Lamiaceae, hivyo majani hukaa mawili mawili yakitazamana na shina changa huwa na pembe nne, hata kama ni hafifu. Majani ni madogo, mengi hayafikii sentimita mbili. Ukiyatazama kwa kioo utaona vitone vinavyong'aa. Hivyo ndivyo vifuko vya mafuta.

Sasa geukia ua. Petali zimeungana kuwa mrija wenye midomo miwili, na stameni nne, yaani vijiti vya kiume vinavyobeba chavua, huchomoza nje na kutawanyika. Chini yake kuna kikombe cha kijani au cha zambarau. Katika spishi nyingi kikombe hicho kina meno matatu mafupi juu na mawili membamba, marefu, yaliyopinda chini. Ua likidondoka, chungulia ndani ya kikombe: koo lake limezibwa na pete ya vinyweleo vyeupe, na nyuma ya pete hiyo kuna vijikokwa vinne.

Mimea inayofanana na thaimu ni mingi. Oregano ina majani mapana zaidi, na maua yake yamejificha kati ya vijani vilivyopandana. Jamii ya Satureja ina kikombe chenye meno matano yanayokaribia kulingana, na stameni zake hupinda kukutana chini ya mdomo wa juu badala ya kutawanyika.

Inayowachanganya watu kuliko zote ni Thymbra capitata, ambayo zamani iliitwa Thymus capitatus. Imejaa kwenye vilima vikavu vya pwani ya Mediterania, na sehemu kubwa ya ile asali ya Ugiriki inayoitwa ya thaimu hutokana nayo. Ipambanue kwa kikombe: cha Thymbra kimebonyezwa mgongoni na kina mishipa 20 au zaidi, wakati cha Thymus kina mishipa 10 hadi 13. Mishipa huhesabika vizuri kwenye kikombe kilichokauka.

Kanuni ya kikombe chenye meno matatu juu na mawili chini ina mkaidi wake. Thymus mastichina wa Hispania na Ureno ana meno marefu yanayokaribia kulingana, yenye manyoya, kiasi kwamba kichwa kizima cha maua huonekana kama mpira wa pamba. Ukiwa nje ya rasi ya Iberia huna haja ya kumfikiria.

Hatua ya 2: Jiweke kwenye ramani

Hapa ndipo pa kutumia muda, kwa sababu ramani peke yake inaweza kukuondolea spishi 200 kati ya 215 kabla hujainama.

Thaimu ni mmea wa Dunia ya Kale. Kwa asili inapatikana Ulaya karibu yote, kaskazini mwa Afrika, nyanda za juu za Ethiopia, kusini magharibi mwa Arabia, na Asia ya hali ya hewa ya wastani hadi Japani. Kaskazini inafika Aisilandi na kusini mwa Greenland. Magharibi imeingia visiwa vya Atlantiki: Azores, Madeira na Kanari. Bara la Amerika, Australia na New Zealand hazina thaimu ya asili. Kwa hiyo ukiikuta inajiotea huko, unatazama mhamiaji. Vilima vikavu vya Central Otago huko New Zealand vimefunikwa na Thymus vulgaris, lakini ililetwa na walowezi wa karne ya 19, na kwa jinsi ilivyoshamiri mgeni anaweza kuapa kwamba ni ya pale pale.

Kitovu cha utajiri wote huu ni magharibi mwa Mediterania, yaani Hispania, Ureno na Moroko. Rasi ya Iberia peke yake ina zaidi ya spishi 30, na nyingi hazipatikani kwingine. Sababu ziko ardhini: milima mingi inayotenganisha mabonde, miamba ya kila namna, kiangazi kirefu kikavu, na bahari inayotenga ncha moja na nyingine. Idadi ndogo ya mimea ikibaki peke yake juu ya mwamba wake kwa muda mrefu huwa kitu kingine.

Ukiwa kusini magharibi mwa Ureno, karibu na pwani ya Algarve na Alentejo, orodha yako ianze na T. camphoratus (T. ni kifupi cha Thymus), T. carnosus, T. lotocephalus na T. capitellatus. Kusini mashariki mwa Hispania ongeza T. longiflorus na T. membranaceus, wenye mirija mirefu ya maua na vijani vipana. Ukivuka kwenda Moroko utakutana na T. satureioides wa milima ya Atlas, na T. broussonetii wa magharibi, ambaye vijani vyake vya zambarau ni vipana hivi kwamba huhitaji hata kioo. Corsica na Sardinia wana T. herba-barona. Lanzarote, kisiwa kimoja tu kati ya Kanari, kina T. origanoides. Azores, Madeira na kona ya kaskazini magharibi ya Iberia wanashiriki T. caespititius, mfupi, anayefanya zulia.

Thymus vulgaris, yule wa bustanini na jikoni, kwao ni Hispania, kusini mwa Ufaransa hadi Italia. Wengi wanadhani anaota porini Ulaya nzima. Ukimwona amejiotea Uingereza au Ujerumani, tafuta bustani aliyotoroka.

Ukielekea kaskazini idadi inashuka haraka. Ulaya ya kati na ya kaskazini ina kundi la thaimu zinazotambaa, zenye majani bapa, ambazo wataalamu wameziweka kwenye seksheni ya Serpyllum; seksheni ni kundi la spishi ndani ya jenasi. Seksheni hii ndiyo kubwa kuliko zote na ndiyo iliyosafiri mbali zaidi, kuanzia Greenland hadi Japani. Visiwa vya Uingereza vina spishi tatu tu za asili: T. polytrichus aliyeenea, T. pulegioides wa kusini zaidi, na T. serpyllum ambaye kule amebaki kwenye mchanga wa Breckland, mashariki mwa nchi, ingawa bara la Ulaya anatawala maeneo makubwa ya mchanga.

Mashariki, Uturuki ni kitovu cha pili kwa wingi, na spishi zake nyingi ni za huko huko. Uturuki, Kaukasi na Irani wana T. kotschyanus, Irani wana pia T. daenensis. Peninsula ya Sinai ina T. decussatus milimani. Kwenye Himalaya, kutoka Afghanistan kupitia Pakistan hadi Nepali, utakutana na T. linearis. Mongolia na kaskazini mwa China kuna T. mongolicus, na Japani, Korea na China zina T. quinquecostatus.

Afrika chini ya Sahara ina spishi mbili, zote Ethiopia, kwenye baridi ya nyanda za juu. T. schimperi anaota kuanzia mita zipatazo 2,200 hadi karibu 4,000. Milima ya Bale ni mahali pake panapojulikana sana. T. serrulatus ni wa kaskazini: Tigray, Wollo, Gondar na milima ya Simien, na kwa kawaida hukaa juu zaidi. Kuwatofautisha ni rahisi kuliko jozi nyingi za Ulaya: jani la T. serrulatus lina meno madogo ukingoni, la T. schimperi ni laini pembeni. Kwa Kiamhara wote huitwa tosign. Kusini zaidi ya hapo, thaimu yoyote unayoiona imepandwa.

Kabla ya safari, andika orodha ya spishi zinazojulikana kwenye eneo unalokwenda. Hifadhidata ya Plants of the World Online ya bustani ya Kew inaonyesha nchi za asili za kila spishi, na GBIF, hifadhidata ya kimataifa ya kumbukumbu za viumbe, inaonyesha nukta za sampuli zilizokusanywa. Nukta za GBIF zisome kwa tahadhari, maana mmea wa bustanini na wa porini vinaweza kuandikwa kwa namna moja.

Hatua ya 3: Soma udongo na mwinuko

Thaimu haipendi kivuli na haivumilii udongo unaotuamisha maji. Zaidi ya hapo kila spishi ina chaguo lake. T. lacaitae wa katikati ya Hispania anaota kwenye jasi, udongo mweupe ambao mimea mingi huukimbia. T. carnosus na T. camphoratus ni wa mchanga wa pwani. T. pulegioides hupenda mahali penye nyasi fupi kwenye udongo wa chokaa. Andika aina ya mwamba, mwinuko kwa mita, na upande mteremko unakotazama. Ukiwa na spishi mbili kwenye orodha, mara nyingi mwamba ndio utakaokata shauri.

Tazama pia vitu vilivyoinuka. Kwenye malisho ya zamani ya chokaa huko Ulaya, T. polytrichus hukaa juu ya vilima vidogo vilivyojengwa na sisimizi wa manjano, Lasius flavus, kwa kuwa pale hakuna nyasi ndefu za kumfunika. Kipepeo mkubwa wa bluu, Phengaris arion, hutaga mayai kwenye vichwa vya maua ya thaimu, na viwavi wake baadaye hubebwa na sisimizi wa jenasi nyingine, Myrmica, na kumalizia kukua ndani ya kiota chao. Malisho yalipopungua Uingereza, nyasi zikarefuka, ardhi ikapoa, sisimizi wale wakaondoka, na kipepeo akatoweka nchini humo mwaka 1979. Thaimu ilikuwa bado ipo. Kipepeo huyo amerudishwa tangu miaka ya 1980 kwa kutumia vipepeo wa kutoka Sweden.

Hatua ya 4: Vinyweleo vya shina

Chukua tawi lenye maua. Usitumie tawi linalotambaa wala sehemu iliyokwisha kuwa mti. Shuka chini kidogo ya kichwa cha maua hadi kwenye pingili ya kwanza au ya pili, ishike kati ya kidole gumba na cha shahada, weka kioo jichoni, kisha lizungushe shina polepole huku mwanga ukitokea pembeni. Mwanga wa pembeni ndio unaofanya vinyweleo vionekane. Jua la utosini huvifuta.

Kwenye seksheni ya Serpyllum utaona mojawapo ya sura tatu:

- Vinyweleo vimezunguka shina lote kwa usawa, na shina lenyewe ni karibu la mviringo: fikiria T. serpyllum.
- Pande mbili zinazotazamana zina vinyweleo vingi, nyingine mbili ziko karibu wazi: fikiria T. polytrichus na ndugu zake wa kundi la T. praecox. Shuka pingili moja utaona pande zimebadilishana. Zilizokuwa wazi sasa zina vinyweleo.
- Vinyweleo viko kwenye pembe nne tu, mistari minne mirefu, na pembe ni kali: T. pulegioides.

Pima matawi matatu au manne ya mmea huo huo. Tawi moja lililoliwa au kukauka hudanganya. Na ukipata shina ambalo halieleweki, pande mbili zimejaa na mbili zina vinyweleo kiasi, usililazimishe lifuate kitabu. Litarudi kwenye hatua ya nane.

Hatua ya 5: Jani, ukingo wake, na vijani vya maua

Swali la kwanza: ukingo wa jani umekunjwa kuelekea chini au jani ni bapa? Ukingo uliokunjwa ni ishara ya thaimu za kiangazi kikali, kama T. vulgaris na T. zygis, wanaosimama wima. Jani bapa kwenye mmea unaotambaa linakurudisha Serpyllum.

T. vulgaris na T. zygis huchanganywa kila siku kwenye Hispania. Tazama kitako cha jani. T. zygis ana vinyweleo virefu vyeupe vilivyosimama pembeni, karibu na pale jani linapoungana na shina, kama kope. T. vulgaris hana. Maua ya T. zygis pia hukaa katika mafungu yaliyoachana kwenye tawi, na kwa kawaida ni meupe.

Kisha linganisha majani ya kawaida na vijani vinavyobeba maua. Vikifanana kwa umbo na ukubwa, andika hivyo. Vikiwa vipana zaidi, vimepakwa zambarau au vimekuwa vyembamba na vyeupe kama karatasi, umepata dokezo kubwa, hasa Iberia na Moroko.

Hatua ya 6: Usidanganywe na maua madogo

Ukikuta mimea miwili jirani, mmoja una maua makubwa na mwingine madogo, usiandike spishi mbili. Thaimu nyingi zina mimea ya aina mbili: yenye maua ya jinsia zote na yenye maua ya kike tu. Ya kike ni madogo na stameni zake zimedumaa ndani ya mrija. Darwin aliliandika jambo hili kwa kirefu mwaka 1877. Vipimo vya ua vichukue kwenye mmea wenye stameni kamili, na uandike wazi ulipima aina ipi.

Hatua ya 7: Sasa nusa

Harufu ina faida pale unapojua mipaka yake. T. herba-barona hunukia kisibiti, T. camphoratus kafuri, T. mastichina mikaratusi. Hao watatu pua inaweza kuwathibitisha, baada ya ramani na shina kukubaliana.

Kwa T. vulgaris mambo ni mengine. Kusini mwa Ufaransa spishi hiyo ina aina sita za kikemia, kila moja ikitawaliwa na kiambato chake: thimoli, karvakroli, linaluli, jeranioli, terpineoli au thuyanoli. Mbili za kwanza ni kali, zinachoma. Nne zilizobaki ni laini, nyingine zinakaribia waridi au limau. Kwa macho mimea hiyo haitofautiki, na tofauti hiyo ni ya kurithi.

Mpangilio wake ardhini unavutia zaidi. Karibu na Montpellier kuna bonde la Saint-Martin-de-Londres, lililozungukwa na vilima. Usiku wa baridi kali hewa nzito hushuka na kutuama humo. Aina laini zinatawala chini bondeni. Zile kali za thimoli na karvakroli ziko kwenye miteremko mikavu ya nje, kilomita chache tu kutoka hapo. Aina kali huuawa na baridi kali ya mapema, aina laini huelemewa na ukame wa kiangazi. Na kwa kuwa baridi kali imepungua miongo ya karibuni, aina kali zimeanza kuingia mahali ambapo zamani hazikuwepo. Kwa hiyo harufu ya T. vulgaris inakueleza zaidi kuhusu hali ya hewa ya pale ulipo kuliko kuhusu jina la mmea.

Hatua ya 8: Mahuluti na majina yanayohama

Spishi mbili za thaimu zikikutana na kuchanua pamoja, zinazaliana kwa urahisi, na Iberia imejaa mahuluti yaliyokwisha kupewa majina. Dalili yake ni mmea wenye sifa za katikati ukiwa karibu na wazazi wote wawili. Tafuta wazazi hao ndani ya mita mia moja au mbili. Usipowaona, neno "mahuluti" ni kisingizio tu cha kutomaliza hatua ya nne.

Majina nayo yana vurugu zake. Thaimu inayotambaa ya Uingereza utaikuta kama T. polytrichus, T. praecox nususpishi arcticus, au T. drucei, kutegemea mwandishi na mwaka wa kitabu. Ni mmea ule ule. Andika jina pamoja na chanzo ulichofuata.

Hatua ya 9: Chukua sampuli bila kuua mmea

Kata kwa mkasi juu ya sehemu ngumu ya shina, matawi mawili yenye maua na moja lisilo na maua. Using'oe. Thaimu inakua polepole, na Ethiopia kung'oa T. schimperi na mizizi kwa ajili ya kuuza kumekuwa sababu ya kupungua kwake sehemu za karibu na barabara. Kwenye hifadhi yoyote omba kibali kwanza. T. camphoratus na T. lotocephalus wanalindwa na sheria ya makazi asilia ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1992, kwa hiyo hao piga picha tu: moja ya mmea mzima, moja ya pingili kwa karibu ikionyesha vinyweleo, moja ya kikombe kwa ubavu, moja ya jani upande wa chini.

Sampuli ikandamize kwenye gazeti siku hiyo hiyo, ukigeuza jani moja lionyeshe mgongo wake, na ubadilishe gazeti kila siku hadi ikauke. Kwenye lebo weka tarehe, eneo kwa namba za GPS, mwinuko, mwamba, sura ya vinyweleo, jinsia ya ua na harufu kwa maneno ya kawaida. Rangi ya petali iandike pale pale porini, kwa kuwa ikikauka hubadilika. Kama umebaki na spishi mbili usizoweza kuzitenganisha, ziandike zote mbili na utaje sifa iliyokukwamisha. Kama hata hilo halikuwezekana, andika "Thymus, seksheni ya Serpyllum" na uishie hapo.